Picha ya Kabla

Kila siku baada ya masomo Macho alishika njia moja tu: kutoka lango la shule, nyuma ya kituo cha mafuta, mpaka karakana ya mama yake. Pembeni yake, na mara nyingi mbele yake, alikuwa rafiki yake Spidi, akisukuma magurudumu ya kiti chake kwa viganja vilivyoota sugu. Mahali barabara ilipoteremka, Spidi aliyaachia magurudumu na kupiga ukelele, na Macho akabaki nyuma akikimbia huku mkoba ukimgonga mgongoni.

"Usihangaike, bibi kizee!" Spidi aliita kutoka chini ya mteremko. "Ukifika tutakuwa tumekuwekea chakula!"

"Ngoja nikukamate!"

"Wanaotaka kunikamata ni wengi. Panga foleni!"

Majina hayo hayakuwa ya kwenye cheti cha kuzaliwa. La Spidi halihitaji maelezo. Macho alipewa lake na bibi yake, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu kilichompita bila kukitazama. Alipenda sana kupiga picha, ingawa simu ya kupigia hakuwa nayo, na kila mtu mzima aliyetoa simu mfukoni karibu naye aliombwa mpaka akachoka.

Miguu ya Spidi haikuwa na nguvu tangu alipozaliwa. Alipofika miaka minne, mama yake Macho alimtengenezea kiti cha kwanza kwa vyuma vya kitanda kibovu. Kila Spidi alipokua, kiti nacho kilibadilishwa. Sasa wasichana wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, na kiti kilikuwa cha tatu.

Karakana yenyewe ilikuwa banda refu la mabati. Ukuta mmoja ulijaa magurudumu ya baiskeli yaliyotundikwa kuanzia dogo hadi kubwa. Hapo ndipo mama yake Macho, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alipinda mabomba, akachomelea vyuma na kukaza spoku. Haikuwa biashara. Kilikuwa chama cha watu wa mtaani, na mtoto aliyehitaji kiti alipimwa kwa futi, akaandikwa ubaoni kwa chaki, akangoja zamu yake. Mwaka huo ubao ulikuwa na watoto wanane, na chuma kilichobaki kwenye kona hakikutosha hata kiti kimoja.

Chuma hicho kililetwa na Mfuko. Mzee mmoja aliyetajirika kwa kutengeneza magodoro alikuwa ameacha wosia kwamba kila mwaka sehemu ya faida ya kiwanda chake isaidie vikundi vya mji ule: nyumba ya wazee, zahanati, shule ya chekechea na vingine vya aina hiyo. Mzee alikwisha kufariki, na mjane wake ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Mfuko. Watu walimwita Bibi Magodoro, ingawa si mbele yake. Kwa miaka mitatu Mfuko ulikuwa umeisaidia karakana bila matata yoyote. Mwaka huu ofisi ya Mfuko ilileta fomu mpya, na balaa lilianzia hapo.

Fomu ilikuwa mikononi mwa Katibu wa chama, mstaafu wa posta aliyechomeka kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, moja ya buluu na moja ya nyekundu. Hakuwa mwizi, lazima niseme hivyo mapema. Alikuwa mtu mwoga wa karatasi. Akiona mstari mtupu kwenye fomu hakulala mpaka aujaze, na fomu ile ilikuwa na mstari mmoja uliomshinda. Ilidai picha mbili za mtoto aliyesaidiwa, moja ya kabla na moja ya baada. Picha za baada zilikuwepo tele. Picha ya kabla hakuna aliyewahi kuipiga, kwa sababu mtoto akija karakana akiwa amebebwa mgongoni, watu wenye akili zao hutafuta futi wampime, hawatafuti kamera.

Mchana mmoja Katibu alimwita Macho pembeni.

"Mjukuu wangu, unataka kushika simu hii?"

Macho aliona simu, akasahau njaa. "Nataka, babu!"

"Basi kaa nayo hapo nyuma ya pipa. Nikikuonyesha kidole, unapiga. Usiseme neno."

Kisha Katibu akamwendea Spidi, aliyekuwa akifanya hesabu kivulini. "Spidi, mama, hebu shuka kidogo tutie grisi kwenye hizi beringi. Zinalia mpaka zinanitia huruma."

Spidi alijitelezesha kutoka kwenye kiti hadi mkekani kwa wepesi wa mtu aliyelifanya jambo hilo mara elfu. Katibu akakivuta kiti ndani. Baada ya muda upepo ukavuma, ukainyakua karatasi ya hesabu na kuitupa katikati ya uwanja wenye vumbi. Spidi hakumsumbua mtu. Aliifuata mwenyewe kwa mikono, kama alivyofanya nyumbani kwao kila siku.

Katibu akaonyesha kidole. Macho akabonyeza mara tatu.

Picha ya tatu ndiyo iliyompendeza Katibu. Spidi yupo chini, nywele zimejaa vumbi, uso umeinama, mkono mmoja umenyooshwa mbele. Karatasi haionekani. Ukiitazama utadhani mtoto anaomba.

"Ya nini hii, babu?" Macho aliuliza.

"Ya fomu. Picha ya kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kiti."

"Lakini kiti si anacho?"

"Ndiyo maana inaitwa kabla. Mambo ya wakubwa waachie wakubwa. Kaa na simu mpaka jioni, piga unachotaka."

Na Macho, mtoto aliyewachosha walimu kwa maswali, siku hiyo hakuuliza tena. Alipiga picha za kuku, za cheche, za magurudumu ukutani. Alijua kwamba kuna jambo halijakaa sawa, akalipuuza kwa sababu simu ilikuwa tamu mkononi. Hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea.

Miezi miwili ikapita. Mwaka ulipokaribia kwisha, Mfuko ulichapisha kalenda yake, karatasi moja kubwa ya kutundikwa ukutani mwaka mzima. Jumatatu moja gari la Mfuko lilipita shuleni na kwenye maduka machache, likaacha nakala moja moja, na mwalimu mkuu akaibandika ya shule kwenye ubao wa matangazo, karibu na lango. Macho na Spidi walipofika walikuta wanafunzi wamesongamana mbele yake.

"Ni yeye, ni yeye," mtu alinong'ona, na kundi likafunguka kuwapisha.

Picha ya Spidi ilijaza karibu karatasi yote. Chini yake maandishi mekundu yalisema: KABLA YA MSAADA WETU, MTOTO HUYU ALITAMBAA VUMBINI. Chini zaidi: TUNARUDISHA UTU. Kwenye kona palikuwa na picha ndogo ya marehemu mzee wa magodoro, amevaa suti, ameketi kwenye kiti cha mbao, ametulia kama watu wanavyotulia wakijua wanapigwa picha.

Mvulana mmoja alijitupa chini na kuanza kutambaa akijiliza. Wachache wakacheka. Mwalimu wa darasa alimkazia jicho, kisha akaja na jambo baya kuliko kicheko. Aliinama, akamshika Spidi bega.

"Pole sana, mwanangu. Sikujua kama ulipitia mateso hayo."

"Sikupitia mateso yoyote, mwalimu," Spidi alisema. "Hiyo ilikuwa karatasi yangu ya hesabu. Nilipata tisa kwa kumi."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma, na ilikuwa wazi kwamba hakusikia hata neno moja. Mtu akishaona picha ya namna ile, maneno ya mwenye picha hayamshawishi tena. Spidi aliitazama kalenda kwa muda mrefu, sentimita kwa sentimita, kama fundi anayetafuta ufa kwenye bomba. Hatimaye akamgeukia rafiki yake.

"Nani aliipiga?"

Macho alikaza mkanda wa mkoba wake. "Sijui."

"Huijui kabisa?"

"Nitajuaje? Labda Katibu."

Spidi alisogeza kiti mpaka kwenye kalenda, akaweka kidole pembeni mwa picha. Ardhini, mbele ya mpiga picha, kando ya kivuli cha pipa, palikuwa na kivuli kingine. Hicho kilikuwa na kichwa kidogo chenye vishungi viwili vilivyosimama, kimoja kirefu kuliko kingine. Macho alikuwa akifungwa vishungi hivyo tangu darasa la kwanza.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," Spidi alisema. Sauti yake haikupanda. "Ulinivizia nyuma ya pipa. Halafu umenitazama usoni, ukaniambia hujui."

Akageuza kiti na kutoka langoni. Hakukimbiza magurudumu, na siku hiyo hapakuwa na ukelele mteremkoni.

Jioni Macho alikuta karakana inawaka moto, na si wa kuchomelea. Baba yake Spidi, kinyozi wa mtaa wa pili, alikuwa amesimama katikati ya banda na aproni yake shingoni, kitana kikiwa bado mkononi. Kumbe alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja.

"Dada yangu Fundi, nakuheshimu, kwa hiyo nauliza taratibu," alisema kwa sauti iliyosikika hadi kituo cha mafuta. "Ni lini mwanangu alitambaa kwa sababu ya kukosa msaada wa magodoro? Lini? Mimi siwezi kumlea? Jumamosi, kwenye sherehe yao hapa karakana, watagawa maboksi mengine mawili ya kitu hicho! Kila duka, kila zahanati, kila ofisi! Mtoto wangu adhalilike ukutani mwaka mzima, watu wakihesabia siku zao mgongoni kwake?"

Fundi alivua kinga ya uso. "Shemeji, kalenda gani? Picha gani?"

Hakuwa na habari. Fomu ilitumwa bila yeye kuiona. Katibu alikohoa, akapapasa kalamu zake, akaeleza habari ya mstari mtupu. Alipomaliza, kinyozi aliuliza nani aliyekubali kushika kamera kufanya uchafu ule.

"Mimi," alisema Macho mlangoni.

Mama yake alimtazama. Kisha akaweka kinga chini polepole.

"Ulijua ni ya nini?"

"Nilijua kidogo, mama. Nikajifanya sijui."

"Msimwonee mtoto," Katibu alisema, na sasa hata yeye alipandisha sauti. "Nilimtuma mimi. Na nilifanya kwa ajili ya nani? Tazameni ubao! Wanane! Fomu bila picha haisomwi. Mkilifumua jambo hili Jumamosi mbele ya Bibi, hawa wanane mtawapa nini? Mtawapa heshima wakalie?"

Fundi aligeuka akasoma majina ubaoni, moja baada ya jingine, hadi la mwisho. La mwisho lilikuwa la mtoto wa miaka mitano ambaye mama yake alimbeba mgongoni kila asubuhi mpaka chekechea.

"Hayo tutayajua Jumamosi," alisema hatimaye. "Lakini sitachomelea kiti cha mtoto mmoja kwa kumvunja mwingine. Macho, nenda kwa mwenzako. Mimi sitaenda kukusemea."

Spidi hakufungua mlango. Macho alisimama barazani, akazungumza na pazia la dirisha.

"Nisamehe, Spidi. Pole."

"Pole unanipa hapa barazani, ambapo hakuna mtu," sauti ilijibu kutoka ndani. "Picha yangu ipo langoni, kila mtu anaiona. Sirudi shule mpaka itoke. Kama una pole, ipeleke mahali picha ilipo. Kaiseme Jumamosi."

"Mbele ya watu wote?"

"Mimi niliulizwa kama nataka mbele ya watu wote?"

Macho alirudi nyumbani, na siku nne zilizofuata alikwenda shule peke yake.

Jumamosi uwanja wa karakana ulifagiliwa mpaka ukang'aa. Turubai lilitandazwa juu, viti vya plastiki vikapangwa, na mezani yakawekwa maboksi mawili yaliyofungwa kwa gundi. Familia za watoto wanane zilikuwepo. Bibi Magodoro alifika na afisa wa Mfuko, kijana mtanashati mwenye kishikwambi ambacho hakukiweka chini hata wakati wa kusalimia wazee. Bibi mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mwenye fimbo, na macho yaliyozoea kukagua bidhaa.

Spidi alikuja na baba yake. Alikuwa amevaa sare za shule zilizopigwa pasi. Katibu alimpa karatasi ya maneno ya shukrani, akaipitia kwa macho, akaikunja.

"Tunaanza kwa kugawa kalenda zetu," afisa alitangaza, akachukua wembe wa kukatia gundi.

Macho alisimama.

"Naomba zisigawiwe," alisema.

"Mtoto, kaa chini, tuna ratiba."

"Picha ile ni ya uongo!"

Minong'ono ikaenea. Afisa akacheka kidogo. "Utundu wa watoto, mama. Tuendelee."

"Mwache," Bibi alisema. "Wewe binti, njoo hapa. Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna, bibi. Niliipiga mimi." Macho alieleza yote: pipa, grisi, karatasi ya hesabu, kidole cha Katibu, na simu aliyopewa kuchezea mpaka jioni. Machozi yalimtoka akiwa katikati, lakini hakuacha kusema. Kalenda moja ilipoletwa kutoka garini alionyesha kivuli. Bibi alivaa miwani, akatazama kivuli, akatazama vishungi.

"Ni wewe kweli. Na halafu?"

"Halafu rafiki yangu aliponiuliza nikamwambia sijui. Nimemkosea mara mbili."

Hapo magurudumu yalisikika juu ya kokoto. Spidi alikuwa amejisogeza mbele. Alimrudishia Katibu karatasi ya shukrani.

"Nimeisoma, babu. Haya si maneno yangu." Akamgeukia Bibi. "Shikamoo, bibi. Kiti nilipata nikiwa na miaka minne, na wakati huo Mfuko wenu haukuwa umefika hapa. Nikiwa sina kiti natembea kwa mikono. Nyumbani natembea hivyo kila siku na sioni aibu. Kinachoniuma ni kuviziwa, halafu kuandikiwa kwamba mmenirudishia utu. Uliwahi kutoka lini? Mliuokota wapi?"

Kinyozi alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Bibi alibana midomo, na fimbo ikagonga chini.

"Kwa hiyo mmenidanganya, Fundi. Kwa jina la marehemu mume wangu."

"Ndiyo, mama, umedanganywa," Fundi alisema. "Mimi ni mkuu wa karakana hii na sikusoma kilichotoka humu. Kosa hilo ni langu, sitalitupia mtu. Lakini kabla hujatuhukumu, naomba nawe usome kilichotoka kwenu."

Akatoa nakala ya fomu kwenye mfuko wa ovaroli. Bibi alisoma kwa sauti, akisita kila baada ya maneno machache: "Ambatisha picha ya mtoto kabla ya msaada, ikionyesha wazi hali yake duni. Maombi yasiyo na picha hayatasomwa." Akainua uso. "Hayatasomwa? Nani aliandika hivi?"

Kwa mara ya kwanza kishikwambi kilishuka. "Maombi ni mengi, mama," afisa alisema. "Picha hutusaidia kuchuja. Na watu huguswa zaidi wakiona..."

"Wakiona nini? Malizia."

Kijana alikiweka kishikwambi mezani.

Bibi aliweka kidole kwenye kona ya kalenda, penye picha ndogo ya mumewe. "Mnamwona huyu? Ameketi. Picha zake zote ameketi, tangu ujana mpaka uzee. Mnajua kwa nini? Alikuwa anachechemea. Alivunjika nyonga akibeba magodoro kichwani, enzi hizo hatuna hata mkokoteni. Mpiga picha aliyemlenga akitembea alitimuliwa, awe nani awaye. Ndiyo sababu nilitaka Mfuko uje kwenye karakana hii kuliko kwingine kokote. Na leo mnachukua jina lake, mnalibandika juu ya mtoto wa watu aliyelala vumbini!" Fimbo iligonga tena, na afisa akaruka kidogo. "Maboksi haya hayafunguliwi. Kalenda zilizokwisha kutoka zirudi leo. Wewe na Katibu mtazunguka wote wawili, duka kwa duka, na mtasema kwa vinywa vyenu kwa nini mnazichukua."

"Na msaada, mama?" afisa aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama wa yule mtoto wa miaka mitano alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi.

"Sitoi kitu juu ya uongo," Bibi alisema. "Lakini watoto hawa wanane hawajamdanganya mtu. Nawapa wiki moja. Nileteeni maombi ya kweli, bila picha hata moja. Nitayasoma mwenyewe."

Watu walipoanza kutawanyika, Katibu alivua kofia na kusimama mbele ya kiti cha Spidi.

"Nilidhani nafanya jambo jema, mjukuu wangu. Nisamehe."

"Ungeniuliza, babu."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi ungejua kwamba sitaki," Spidi alisema, na mzee akainamisha kichwa.

Jioni hiyo Katibu alionekana akipita madukani na kalenda zilizoviringishwa kwapani, afisa akimfuata nyuma akitokwa jasho. Ile ya langoni shuleni waliing'oa mbele ya mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, na Jumatatu mwalimu alimwomba Spidi radhi darasani. Safari hii alimsikiliza.

Maombi mapya yaliandikwa juu ya meza ya karakana. Fundi alitaja vipimo, Macho akahesabu spoku na mabomba, na Spidi akaandika, maana hati yake ndiyo iliyosomeka. Kila mzazi aliulizwa kwanza kama anakubali mtoto wake atajwe. Mmoja alikataa, na jina la mtoto wake halikuandikwa, ila vipimo tu. Bibi Magodoro alikuja peke yake kuyajibu, akasimama mbele ya ubao wa chaki, akauliza maswali magumu mpaka adhuhuri. Wiki iliyofuata lori la vyuma kutoka Mfuko liliingia uwanjani kinyumenyume. Katibu alikuwa ameacha ukatibu kwa hiari yake, na sasa alijifunza kukaza spoku, akizikaza ovyo na kukemewa kila siku.

"Mama," Macho aliuliza siku moja akimshikia bomba, "kama Bibi angekataa, je?"

Fundi alilikagua bomba. "Tungebaki na ubao mrefu, na ningelia usiku mmoja, kisha ningeanza kutafuta vitanda vibovu tena. Sikia, mwanangu. Kuomba msaada si aibu, na kutoa ni jambo zuri. Lakini anayeomba hapaswi kuuza sura ya mtu ili apewe, na anayetoa hana haki ya kuinunua. Uongo ule tulisema ni kwa faida ya wanane, na mzigo wake wote tukamtwisha mwenzako peke yake. Ukweli uliusema umechelewa, lakini uliusema mahali ulipohitajika. Safari nyingine, kabla hujabonyeza, muulize mwenye uso wake."

Spidi hakusamehe kwa siku moja. Kwa wiki kadhaa alishuka mteremko kimya, na Macho alikimbia nyuma bila kutaniwa, jambo lililomuuma kuliko kuchapwa. Hakulalamika. Aliendelea tu kukimbia.

Kiti cha kwanza kati ya vinane kilipokamilika, Fundi alimpa Macho simu akipige picha. Macho alikipiga mbele, ubavuni, na gurudumu peke yake. Alipogeuka alimwona Spidi penye mwanga wa mlango, mikono imejaa grisi mpaka viwiko, spana mdomoni, akizungusha gurudumu la kiti cha pili na kulisikiliza. Ilikuwa picha ambayo Macho hakuwa amewahi kuona nzuri kama hiyo. Aliinua simu, kisha akaishusha.

"Spidi. Nikupige?"

Spidi alitoa spana mdomoni. Alimtazama rafiki yake, akatazama simu, akatazama mlango.

"Leo sitaki."

"Sawa," Macho alisema, akaitia simu mfukoni.

Spidi alizungusha gurudumu mara nyingine. Kisha akamrushia kitambaa cha grisi, kikamtua usoni.

"Haya, bibi kizee, njoo ushike upande huu. Kuna viti saba vinangoja. Panga foleni."